HARRIET TUBMAN, MAMA ALIYETANGULIA KUINGIA MAJINI



Kamati ya kitabu hiki cha kumbukumbu ilituomba tuandike habari za Mkristo mmoja aliyethubutu kwa imani. Tulipokaa kuchagua, majina hayakukosekana. Wengine walitaja maaskofu, wengine wakataja wamisionari. Mwishowe tukamwangukia mama mmoja ambaye hakujua kusoma wala kuandika, aliyefua nguo za watu na kupika majikoni mwa watu ili apate nauli ya kwenda kuwatoa ndugu zake utumwani. Tukaona huyu ni mwenzetu. Hela yake ilikuwa ya jasho na ya kudunduliza, kama ya kwetu, na imani yake ilikuwa na hesabu ndani yake.

Huyo ni Harriet Tubman wa Marekani. Alizaliwa karibu na mwaka 1822 katika wilaya ya Dorchester, jimbo la Maryland. Tunasema karibu na, kwa maana kuzaliwa kwa mtoto wa mtumwa hakukuandikwa kama kuzaliwa kwa mtoto wa watu. Wazazi wake, Ben Ross na mkewe Rit, walimwita Araminta. Bibi yake mzaa mama, Modesty, alikuwa ameletwa kutoka Afrika kwa meli ya watumwa. Watoto wa Rit walikuwa tisa, na wote walihesabiwa mali ya Edward Brodess, bwana wa mama yao, kwa sababu sheria ya huko ilisema mtoto hufuata hali ya mama yake. Dada zake watatu waliuzwa kwenda majimbo ya kusini na hawakurudi tena. Siku mnunuzi kutoka Georgia alipomtaka mtoto wa mwisho wa kiume, Rit alimficha kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Walipomjia nyumbani aliwaambia kwamba wa kwanza atakayevuka mlango atapasuliwa kichwa. Mnunuzi akaondoka mikono mitupu. Tunadhani Harriet alianzia hapo kujifunza kuwa hata mtumwa anaweza kusema hapana, ikiwa yuko tayari kuilipia.

Utoto wake ulikuwa wa mateso. Akiwa na umri wa miaka kama sita alikodishwa kwa watu, akapewa kazi ya kubembeleza mtoto mchanga usiku kucha, na mtoto akilia yeye anachapwa. Makovu ya shingoni alikaa nayo hadi uzeeni. Mahali pengine alitumwa kukagua mitego ya wanyama kwenye maji ya baridi huku anaumwa surua. Lakini pigo kubwa kuliko yote lilimpata akiwa kijana, katika duka la kijiji cha Bucktown. Mnyapara alikuwa anamfukuzia mtumwa aliyeacha kazi bila ruhusa, akamwamuru Harriet asaidie kumfunga kamba. Harriet akakataa. Yule kijana akachomoka mbio, mnyapara akarusha jiwe la mizani la karibu kilo moja, likampata Harriet kichwani. Alilala siku mbili bila daktari, kisha akarudishwa shambani damu ikimtiririka usoni.

Tangu siku hiyo maisha yake yote alikuwa akishikwa na usingizi wa ghafla, hata katikati ya mazungumzo, na akizinduka anaendelea pale pale alipoishia. Akawa anaona maono na kusikia sauti, naye hakuwa na shaka yoyote kwamba ni Mungu anasema naye. Wasomi wa leo wanasema huenda ilikuwa aina ya kifafa kilichotokana na jeraha lile. Inawezekana. Sisi tunaona tu kwamba mwili wenye ugonjwa huo ndio uliotembea usiku kwa usiku maporini, na waliokuwa nyuma yake walisubiri azinduke ndipo waendelee na safari.

Karibu na mwaka 1844 aliolewa na John Tubman, Mweusi aliyekuwa huru, akachukua jina la Harriet. Miaka hiyo alikubaliana na bwana wake ajitafutie vibarua mwenyewe, kwa sharti la kutoa dola 50 au 60 kila mwaka. Kilichozidi kikawa chake. Akabeba magogo, akalima, akaendesha mikokoteni, akadunduliza mpaka akanunua jozi ya maksai kwa dola 40. Wanachama wetu walioanza na hisa moja kwa wiki watajua maana yake. Mtu ambaye mwenyewe ni mali ya mwingine, ana maksai wake wawili!

Kuhusu sala zake kuna jambo ambalo wengine wangetushauri tuliache, ila tunaliandika. Mwanzoni mwa mwaka 1849 Harriet alikuwa mgonjwa, na bwana wake alikuwa akileta wanunuzi kumtazama. Majira yote ya baridi alimwombea Brodess abadilishwe moyo. Kisha ikasikika kwamba yeye na ndugu zake watauzwa kusini. Hapo akageuza sala: kama Mungu hatambadilisha mtu huyu, basi amwondoe. Mwezi Machi Brodess akafa. Harriet aliumia sana, akasema angetoa dunia nzima kama angekuwa nayo ili mtu yule arudi. Hatukumchagua malaika, jamani. Tulimchagua mtu aliyeomba kama watu wanavyoomba wakibanwa.

Kifo cha Brodess hakikuleta nafuu. Mjane wake alikuwa na madeni, na njia ya haraka ya kulipa madeni ilikuwa kuuza watu. Tarehe 17 Septemba 1849 Harriet akatoroka na kaka zake Ben na Henry. Mjane akatoa tangazo gazetini: dola 100 kwa kila mmoja akikamatwa nje ya jimbo. Kaka zake wakaingiwa na hofu, wakarudi, na Harriet wakamrudisha. Baada ya muda mfupi akatoka tena, safari hii peke yake. Mume hakutaka kwenda naye. Mama mmoja Mzungu wa dhehebu la Marafiki, yaani Wakwekeri, alimwelekeza nyumba ya kwanza ya kujificha. Akawa anatembea usiku kwa kufuata nyota ya kaskazini na kulala mchana, kilomita kama 145, hadi akafika Pennsylvania, jimbo lisilokuwa na utumwa.

Wengi wetu tungeishia hapo na kutoa sadaka ya shukrani. Harriet alijitazama mikono kuona kama bado ni yeye yule, akafurahi, halafu furaha ikakata. Hapakuwa na mtu wa kumpokea. Wazazi na ndugu zake wote walikuwa upande ule alikotoka. Akaamua kwamba kama yeye yuko huru, na wao lazima wawe huru, na nyumba atawatengenezea yeye, Mungu akimsaidia. Akaenda Philadelphia, akaajiriwa jikoni na kwenye ufuaji, mahotelini na majumbani, na kila senti akaiweka.

Wakati huo huo hatari iliongezeka. Mwaka 1850 bunge la Marekani lilipitisha sheria kali ya kuwarudisha watoro hata wakikutwa katika majimbo huru, na raia yeyote angeweza kulazimishwa kusaidia kuwakamata. Philadelphia haikuwa salama tena. Ikabidi watu wapelekwe hadi Kanada, chini ya serikali ya Kiingereza, ambako utumwa ulikuwa umekwisha tangu mwaka 1834. Wengi aliowatoa waliwekwa katika mji wa St. Catharines.

Safari yake ya kwanza ilikuwa Desemba 1850. Binti wa dada yake, Kessiah, alikuwa anapigwa mnada na watoto wake wawili mbele ya mahakama ya mji wa Cambridge. Mume wa Kessiah, John Bowley, alikuwa mtu huru, fundi wa merikebu. Akasimama mnadani akataja bei, akapanda mpaka akashinda. Mnadishaji akaenda kula chakula cha mchana. Aliporudi kudai malipo, mnunuzi hayupo, mama hayupo, watoto hawapo! Kumbe walikuwa wamefichwa nyumba ya jirani, na usiku wakapanda mashua hadi Baltimore, ambako Harriet alikuwa anawasubiri. Mweka hazina wetu atusamehe, hii ni bei pekee isiyolipwa ambayo tunaifurahia.

Mwaka 1851 akarudi kumchukua mumewe. Alikuwa amemnunulia suti kwa hela yake ya kufua. Akakuta John ameoa mwanamke mwingine, wala hataki hata kumwona. Kwanza alitaka aende akafanye fujo nyumbani kwao, liwalo na liwe. Kisha akaona ni upuuzi kujitia mikononi mwa wakamataji kwa ajili ya hasira. Akakusanya watu wengine waliokuwa tayari kuondoka, akaenda nao. Akina mama tuliosoma habari hii pamoja, hapa tulinyamaza kidogo.

Kwa miaka kama kumi alikwenda na kurudi. Vitabu vya zamani vilisema alifanya safari 19 na kuwatoa watu 300. Waliochunguza vizuri baadaye wanasema safari zilikuwa kama 13 na watu kama 70, na wengine wapatao 50 aliwapa maelekezo wakajitoa wenyewe. Vile vile husemwa eti kichwa chake kiliwekewa dola 40,000. Si kweli. Habari zake hazihitaji chumvi. Watu 70, mmoja baada ya mwingine, kwa miguu, na hakumpoteza hata mmoja njiani.

Jinsi alivyofanya kazi yake ndiko kulikotuvutia zaidi. Huyu mama aliamini kabisa kwamba Mungu anamwongoza, lakini hakuondoka ovyo. Alipenda majira ya baridi, wakati usiku ni mrefu na watu wako ndani. Aliondoka na watu Jumamosi usiku, kwa sababu Jumapili hakuna kazi na tangazo la watoro halitachapwa gazetini hadi Jumatatu. Watoto wachanga walinyweshwa dawa ya usingizi wasilie. Alikuwa na bastola, na mwanamume aliyechoka akataka kurudi alielekezewa hiyo bastola akaambiwa ama asonge mbele ama afe, maana mmoja akirudi atawataja wote. Mtu huyo alisonga, akafika Kanada. Nyimbo za dini alizitumia kama ishara: wimbo huu maana yake tokeni, wimbo ule maana yake kaeni kimya. Na akihisi anafuatwa alipanda treni ya kwenda kusini, kwa kuwa hakuna aliyedhani mtoro atapanda treni ya kurudi utumwani.

Lakini pia kulikuwa na saa ambazo mpango haukutosha. Safari moja, mwezi Machi, alikuwa anawaongoza wanaume wawili, akasikia moyoni aiache njia na kugeukia kushoto. Wakakuta mto. Hapakuwa na daraja wala mtumbwi, na wale wanaume wakagoma. Harriet hakujua kina chake. Akaingia. Maji yakamfika kwapani, akavuka. Ndipo wale wawili nao wakaingia. Wakavuka na kijito cha pili, wakafika kwenye kibanda cha Weusi waliowapokea na kuwakausha nguo. Hakuwa na hela ya kuwalipa, akawaachia baadhi ya nguo zake za ndani. Baadaye wakajua kwamba karibu na pale walipoacha njia palikuwa pamebandikwa tangazo la kuwatafuta wanaume wale. Tumekichukua kichwa cha habari yetu kutoka hapo. Hakuwatangulia kwa maneno, aliwatangulia majini.

Mji wa Wilmington, jimbo la Delaware, ulikuwa na mfanyabiashara wa vyuma aitwaye Thomas Garrett, Mkwekeri, aliyewahi kutozwa faini kubwa mahakamani mwaka 1848 kwa kuwasaidia watoro na hakuacha. Ndiye aliyeandika kisa hiki. Siku moja Harriet alimwendea dukani akamwambia kwamba Mungu amemwambia Garrett ana hela yake. Garrett akamtania, akamuuliza kama Mungu hajawahi kumdanganya. Harriet akajibu hajawahi. Akaulizwa anahitaji kiasi gani. Akafikiri kidogo, akasema kama dola 23. Garrett akampa dola 24 na senti kidogo. Ilikuwa ni pauni 5 alizotumiwa na mama mmoja wa Scotland, Eliza Wigham, kwa ajili ya kazi ya Harriet, naye Harriet hakuwa na habari yoyote ya hela hiyo.

Katika vikao vyetu kisa hiki hupigiwa vigelegele. Tuombe mkisome pamoja na kile kinachofuata baadaye kidogo, msikitenge.

Krismasi ya mwaka 1854 ndiyo tunayoipenda kuliko safari zote. Kaka zake watatu, Robert, Ben na Henry, walikuwa wauzwe siku inayofuata Krismasi. Harriet akawapelekea ujumbe wa mafumbo kwa barua aliyoandikiwa na mtu, kwenda kwa Mweusi huru aliyejua kusoma, Jacob Jackson. Jumamosi usiku wakaondoka. Robert alichelewa, kwa sababu mke wake Mary alishikwa na uchungu wa kuzaa siku ile ile, naye akamwacha na kichanga. Fikirini uamuzi huo. Asubuhi ya Krismasi walikuwa wamejificha katika ghala la mahindi karibu na nyumba ya wazazi wao. Mama yao, Rit, alikuwa amechinja nguruwe na kupika, akiwasubiri wanawe waje kula sikukuu. Hawakumwambia, kwa kuwa walimjua mama yao: angepiga kelele kwa furaha na majirani wote wangesikia. Mzee Ben peke yake ndiye aliyeambiwa. Aliwaletea chakula, akiwa amejizuia asiwatazame. Wakamchungulia mama yao kwenye nyufa za ukuta, akitoka kila mara mlangoni, anaweka mkono juu ya macho, anaangalia njia, anarudi kukaa karibu na moto. Harriet hakuwa amemwona mama yake kwa miaka mitano. Usiku ulipoingia mzee akafungwa kitambaa machoni, akashikwa mikono huku na huku, akawasindikiza kipande cha njia kwenye mvua, kisha akasimama hapo mpaka nyayo zao zikapotea. Wakamataji walipokuja kuuliza, mzee aliapa kwamba hakumwona mwanawe hata mmoja sikukuu ile. Hakusema uongo.

Wazazi wenyewe aliwatoa mwaka 1857, wakiwa wazee wasioweza kutembea mbali. Aliunganisha magurudumu ya zamani na ubao wa kukalia, akamtafuta farasi mzee akamvalisha kamba ya majani shingoni, akawaondoa hivyo hivyo. Mwaka 1859 seneta William Seward alimuuzia nyumba na shamba la eka kama saba huko Auburn, jimbo la New York, kwa dola 1,200, alipe kidogo kidogo. Wazee wakatoka kwenye baridi ya Kanada. Mfuaji nguo akaingia deni la dola 1,200, akiwa kwa sheria bado ni mtoro mwenye mwenyewe.

Sasa kile kisa kingine. Dada yake mmoja, Rachel, alikuwa bado utumwani, pamoja na watoto wake wawili, Ben na Angerine. Harriet alimjaribia kwa miaka mingi. Rachel hakukubali kuondoka bila watoto, nao walikuwa wamewekwa mbali naye. Mwishoni mwa mwaka 1860 Harriet akaenda kwa mara ya mwisho, akakuta Rachel amekwisha kufa. Ili kuwapata wale watoto ilitakiwa dola 30 za kuhonga. Hakuwa nazo. Watoto wakabaki.

Dola 30. Mungu yule yule aliyempa 24 kwa Garrett bila mtu kujua, safari hii hakumpa 30. Harriet hakukaa chini kulia. Palikuwa na familia nyingine tayari, Stephen na Maria Ennals na watoto wao, mmoja akiwa mchanga, akawachukua hao akawafikisha. Lakini Ben na Angerine walibaki, na sisi tunaoandika hatutaki kulipamba jambo hili. Wakongwe wa kikundi wanakumbuka mwaka wetu wa pili, tulipokopesha hela yote mpaka sanduku likabaki tupu, na wiki hiyo hiyo mwenzetu mmoja akaja usiku na mtoto mgonjwa. Tuliomba pamoja naye, lakini cha kumpa hatukuwa nacho. Mfuko wa jamii, ambao baadhi ya wanachama wapya huulalamikia kila wiki kwamba unakula hela bila faida, ulianzishwa kikao kilichofuata. Mtoto alipona, tunamshukuru Mungu, ila ule usiku hatukuusahau.

Vita vya Marekani vilipoanza, Harriet alikwenda South Carolina mwaka 1862. Aliuguza askari na wakimbizi, akawatibu kuhara kwa mizizi aliyochimba mwenyewe. Weusi wenzake waliponung'unika kwamba anapewa posho ya serikali, akaiacha. Akirudi usiku kutoka hospitali anaoka pai zipatazo 50, mikate ya tangawizi na kutengeneza kinywaji cha mizizi, vikauzwe kesho yake kambini. Dola 200 alizopata serikalini alizitumia kujenga nyumba ya kufulia, akina mama waliotoka utumwani wafundishwe kufua nguo za askari kwa malipo badala ya kungojea msaada. Tarehe 2 Juni 1863 aliongoza njia, pamoja na Kanali James Montgomery, katika uvamizi wa mto Combahee, na watu zaidi ya 700 wakatoka utumwani usiku mmoja. Kwa kazi yote ya vita alilipwa hela kiduchu sana. Pensheni ya ujane, dola 8 kwa mwezi, aliipata mwaka 1895, na dola 20 mwaka 1899, akiwa ameshazeeka.

Wala asifikiriwe kuwa hakukosea. Mwaka 1873 matapeli wawili walikuja Auburn na habari za dhahabu iliyofichwa wakati wa vita, wakitaka dola 2,000 taslimu za noti. Harriet akaamini, akamshawishi tajiri mmoja atoe hela, akaenda nayo porini usiku. Akapigwa, akafungwa, hela ikaenda. Mama aliyewazunguka wakamataji wa watumwa kwa miaka kumi alizungukwa na watu wa dhahabu! Huwezi kusema alikosa imani siku ile. Alikosa kuuliza maswali aliyokuwa akijiuliza kila Jumamosi usiku.

Nyumba yake ilijaa mayatima, vipofu na wazee wasio na kwao, na shida ya hela haikuisha. Mwaka 1896 shamba la jirani, eka 25, lilipigwa mnada. Alitamani muda mrefu kuwa na makao ya wazee Weusi. Akaenda mnadani akiwa na hela kidogo sana, Mweusi peke yake, akajibanza pembeni na kila bei ilipotajwa yeye anaongeza. Ikasimama kwenye dola 1,450. Watu wakageuka kuona ni nani, wakamwona bibi kizee. Kanisa lake, kanisa la Wamethodisti Weusi la A.M.E. Zion, lilimsaidia, na benki ikakubali kuweka shamba lenyewe rehani. Mwaka 1903 alipoona hawezi tena kuliendesha, akalikabidhi kwa kanisa.

Makao yalifunguliwa mwaka 1908. Viongozi wakaweka kiingilio cha dola 100 kwa kila mzee anayetaka kuingia. Harriet alikasirika, wala hakuficha. Alisema yeye alitaka sheria kwamba asiingie mtu yeyote isipokuwa yule asiye na hela kabisa. Viongozi nao walikuwa na lao: makao yanahitaji kuni, chakula na mishahara. Tunaandika haya tukijua kwamba pendekezo la kupandisha kiingilio cha kikundi chetu litaletwa kwenye mkutano mkuu, na kwamba wapo wenye hoja nzito pande zote mbili. Sisi waandishi wenyewe hatukubaliani. Mmoja wetu aliingia kikundini kwa kiingilio cha kuazima.

Mwaka 1911 nguvu zilimwisha, na Harriet mwenyewe akapokelewa katika makao yale. Hakuwa na hela, marafiki wakamchangia. Tarehe 10 Machi 1913, akiwa na umri wa miaka kama 91, ugonjwa wa mapafu ukamzidi. Akawaita wachungaji na jamaa, akaongoza ibada mwenyewe akiwa kitandani, wakaimba naye kila alipoacha kukohoa. Alifariki jioni hiyo, akazikwa kwa heshima za kijeshi katika makaburi ya Fort Hill, Auburn.